Nasoro Kapusi

Sauti ya Nasoro ilijulikana mjini Baraka kuliko uso wake. Sokoni watu walipishana naye bila kugeuka, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, shati limepauka mabegani, anasukuma baiskeli. Lakini akikohoa tu kusafisha koo, wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliinua vichwa. "Nyamazeni," walisema, "Nasoro iko na habari."

Koo hilo alilirithi. Baba yake alikuwa akiita abiria ufukweni, wa boti za Kalemie na za Kigoma, na mtoto akakulia ndani ya sauti ile kama wengine wanavyokulia ndani ya nyumba. Miaka mingi baadaye watu wa chanjo walipoiachia ofisi ya mji megafoni yao, hakuna aliyeuliza apewe nani. Tangu hapo Nasoro ndiye aliyetangaza salongo ya Jumamosi, mji mzima utoke kufagia na kuzibua mitaro. Alitangaza chanjo ya watoto, misiba, mbuzi aliyepotea na kamba yake shingoni. Msiba aliutangaza kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu mmoja. Mbuzi alimtangaza kwa furaha, maana mbuzi huonekana tena.

Hakuwa na shamba wala mtumbwi. Nyumba iliendeshwa na mikate ambayo Saumu, mkewe, aliikaanga kando ya barabara. Alichokuwa nacho Nasoro ni kwamba watu walimwamini. Jambo likishatoka kinywani mwake lilikuwa limekwisha kutokea, au lilikuwa njiani.

Asubuhi ile karani wa ofisi ya mji alimwita mlangoni. Chuo kikuu kilitaka kujenga campus mpya kwenye mteremko ulio kando ya njia ya kwenda Fizi. Baraza la mji litakaa kulijadili. Wenye mashamba kule wote waje watoe mawazo yao.

"Campus njo nini?" aliuliza Nasoro.

"Ni fasi banafunzi batasomea na kulala. Lakini we sema tu vile: campus."

Kituo chake cha kwanza kilikuwa mtaa wa Mwemezi, penye michikichi na watoto wasiokwisha. Alisimamisha baiskeli, akainua megafoni. "Batu ya Baraka! Chuo kikuu kinataka kujenga kampusi mupya!"

Mtoto mmoja akapiga kelele, "Kapusi!" Na wote wakalipuka. Kwa Kiswahili cha pale paka ni pusi, na ukimtangulizia *ka* amekuwa mdogo. Walichokisikia ni kwamba shule kubwa inataka kuwajengea paka mchanga. Wakamfuata barabarani wakilia nyau, nyau, hata wakubwa wakajifuta machozi ya kicheko.

Bertin, dereva wa pikipiki, alipunguza mwendo ubavuni mwake. "Muzee Nasoro, hako kapusi katalala wapi? Kanakula ndagala ao kanataka mukeke?"

"Enda zako, Bertin."

"Miauliza tu. Tujue kama tunaficha samaki."

Nasoro alisukuma baiskeli hadi juu, masikio yakimwaka. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa amecheka tangazo lake. Njia nzima alitafuta neno jingine. Mahali pa wanafunzi kusomea na kulala. Watu wengi mahali pamoja, wanalala, wanapika. Kambi. Neno hilo halikuwa na paka ndani yake.

Alipofika penye bomba la maji alisema, "Kambi ya banafunzi." Akaona jambo ambalo hakulitazamia. Wanawake walitua madumu yao chini. Mmoja aliyekuwa anajifunga kitambaa kichwani aliacha mikono yake hewani. Hakuna aliyecheka. Walimtazama kama watu wanavyomtazama daktari anayetoka chumbani.

Ilikuwa tamu. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe. Angeweza kusingizia betri, au upepo, au karani aliyemwambia haraka haraka. Lakini ndani alijua kwamba ilikuwa tamu. Kituo kilichofuata alikata mkia wa maneno, akasema tu, "Banataka kujenga kambi mupya. Mwenye shamba kule juu akuje ku mukutano." Na kimya kilikuwa kikubwa zaidi.

Alijua neno hilo linabeba nini katika nchi ile. Nusu ya waliokuwa wanamsikiliza walikuwa wamelala kambi za wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, miaka ya vita. Watoto wao wengine walizaliwa kule. Waliporudi nyumbani wakaona kambi nyingine inafunguliwa Lusenda, safari hii ya wageni kutoka Burundi, nao wakawa wenyeji. Kambi kwao ilikuwa na harufu, ilikuwa na foleni, ilikuwa na njaa yake.

Mama Émilienne alitoka uani kwake na kisu cha kumenyea mkononi. Alikuwa mjane, mama wa kanisa, mwanamke ambaye watu walimpa fedha za mchango azishike bila kumwuliza tena. Shamba lake la mihogo lilikuwa lile la kwanza ukianza kupanda mteremko.

"Nasoro, mwana yangu. Umesema kambi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusahihisha. Megafoni ilikuwa imeshushwa, walikuwa wawili tu, na angeweza kusema: hapana mama, ni shule, nimekosa neno. Watoto wa Mwemezi walikuwa wangali nyuma yake, wakingoja.

"Njo vile ofisi imesema, mama," akajibu Nasoro.

Mama Émilienne aliitikia kwa kichwa polepole, akarudi ndani.

Siku zilizofuata Nasoro alimwona mama huyo na wake za wanawe, wakishuka na masufuria na mabeseni kichwani. Mihogo ilikuwa bado michanga, mingine minene kama kidole gumba. Walichimba shamba lote. Na Jumapili, baada ya ibada, mama Émilienne alikuja mpaka kwa Nasoro na beseni limejaa, akalitua mbele ya Saumu.

"Hii ni ya nini, mama?" aliuliza Saumu.

"Ya bwana yako. Alituambia mbele. Bengine batasikia wakati batu beko tayari ndani ya shamba." Aliketi, akanyoosha miguu. "Mi nilikuwaka kambini, Saumu. Najua njaa ya kule. Mvua ilikuwa inanyesha, mutoto analia, nikatoka, nikachimba muhogo ya muntu. Sikujua jina yake. Mpaka leo, nikiomba, namuombea yule muntu. Basi sikasirikie batu ya kambi. Bataiba sababu ya njaa. Nikasema, kuliko mutoto ya mwenzangu afanye zambi ndani ya shamba yangu, heri nitoe mi mwenyewe."

Nasoro alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Alisikia kila neno. Saumu alipomwita atoke kushukuru, alitoka, akashukuru. Muhogo ule ulipokwisha kukaushwa na kutwangwa, alikula bugali wa unga wake. Ulikuwa na maji, haukushikana, na Saumu aliulalamikia. Yeye alimaliza wake wote, kama anayetimiza adhabu.

Haikupita muda mrefu injenia wa mji, Isidore, alifika na kamba zake za kupimia. Alikuwa kijana mpole, alivaa kofia ya majani, na alikuwa na utepe mwekundu aliokuwa akiufunga kwenye mmea mmoja katika kila shamba lenye mazao. Mwenye utepe atapewa shamba jingine karibu na mto Mutambala. Ardhi iliyo tupu, alieleza, haina mtu. Ni ya serikali. Hapo watu wa mteremkoni wakajua kumbe ni chuo, siyo kambi, kila mmoja akadhani ni masikio yake yaliyokosea, na wengine wakafurahi. Mama Émilienne alisimama katikati ya matuta yake yaliyofumuliwa akamtazama Isidore akipita. Hapakuwa na kitu cha kufungia utepe.

Nasoro alimkuta njiani siku hiyo hiyo. Aliogopa, akaandaa maneno. Lakini mama Émilienne alisema tu, "Uamuke muzuri, mwana yangu," ingawa ilikuwa mchana, akapita.

Mkutano wa baraza ulikuwa ndani ya ukumbi wa mji, na ukumbi ukajaa hadi madirishani. Waliokosa nafasi walisimama nje juani, kwa hiyo meya akaagiza Nasoro akae mlangoni na megafoni, ayatoe nje yale yaliyosemwa ndani, sentensi kwa sentensi. Profesa wa chuo alieleza majengo: madarasa, mabweni, maabara, watafundisha uuguzi na kilimo. Nasoro akatoa nje. Mshauri mmoja wa baraza, mwanamke, aliuliza maji ya wanafunzi yatatoka wapi wakati bomba la pale juu linakauka kila kiangazi. Profesa akasema watachimba kisima, na cha kwanza kitakuwa cha mtaa. Makofi. Mzee wa ukoo mmoja alisema ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya hiyo serikali kuwa na kofia. Makofi zaidi. Bertin aliuliza, kwa heshima zote, kama wanafunzi watapewa basi, maana wakipewa basi yeye anapinga. Hata meya alicheka.

"Batoto yetu banaenda Uvira, banaenda Bukavu, bengine habarudie," alisema meya. "Leo shule inakuja kwao. Tusiikatae."

Nasoro alilitoa hilo pia, na kule nje watu wakaitikia. Ilikuwa kazi nzuri siku ile. Karibu asahau.

Kisha mama Émilienne akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Baba meya, mi naomba shamba ya Mutambala kama benzangu."

Meya alimgeukia Isidore. Isidore akainuka, akasema kwa upole kwamba alikuta pale udongo mtupu.

"Ilikuwa na muhogo," alisema mama Émilienne.

"Sasa iko wapi, mama?"

"Nilichimba."

"Muhogo mubichi? Kwa nini kuchimba muhogo yenye haijakomaa?"

"Nilifikiri banaleta kambi."

Watu walicheka, si kwa ubaya, ila kwa ule wepesi wa watu ambao shamba lao limefungwa utepe. Meya alingoja kicheko kipoe.

"Nani alikuambia kambi?"

Nasoro aliishika megafoni kwa mikono miwili. Kutoka mlangoni aliona kisogo cha mama Émilienne tu, na kitambaa chake, na fundo la kitambaa. Alimngojea ageuke. Hakugeuka.

"Hakuna muntu," alisema. "Ni masikio ya uzee, baba. Nilisikia mubaya."

Nje walikuwa wanapiga kelele. "Nasoro! Mama anasema nini? Nasoro, toa!"

Aliinua megafoni. Koo lilikuwa zima, sauti ilikuwa safi kabisa. "Mama anasema alisikia mubaya."

Ikaenda juu ya vichwa vya watu, ikavuka barabara, ikafika hadi sokoni. Wauza ndagala waliinua vichwa. Na kwa kuwa Nasoro ndiye aliyesema, waliamini.

Baraza likakata shauri: kampusi inakubaliwa, mashamba yaliyopatikana matupu hayahesabiwi kuwa ya mtu. Nasoro akalitoa nje na hilo.

Nyumbani hakula. Saumu alikuwa anachekecha unga wa mikate ya kesho.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi ni ile mambo." Hakuinua kichwa. "Nasoro, mi nalijua tangu siku ya beseni. Ulishukuru kama muntu mwenye kufiwa."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mi? Megafoni iko kwako."

Asubuhi karani alimpa maamuzi ya baraza ayazungushe mjini, kama desturi. Nasoro alianzia Mwemezi. Angeweza kuanzia kwingine, alianzia pale. Aliinua megafoni, akalitamka lile neno kama alivyolisikia mara ya kwanza, bila kulichunga.

"Batu ya Baraka! Baraza limekubali kampusi!"

"Kapusi!" watoto wakaitika, wakaja mbio. "Kapusi! Nyau!"

Aliwaacha wacheke mpaka waishiwe. Ilichukua muda. Kisha akashusha sauti, ile sauti ya misiba, na watu wazima wakatoka majumbani, maana walidhani kuna aliyefariki.

"Iko na habari ingine. Haitoke ku ofisi, inatoka kwangu. Ofisi ilisema kampusi. Mi, Nasoro, nikasema kambi, sababu mulinicheka. Mama Émilienne aliniuliza uso kwa uso, nikamudanganya. Alisikia muzuri. Masikio yake haina uzee. Kila mwenye kuchimba muhogo sababu ya kambi, alichimba kwa mudomo yangu."

Alisema hivyo penye bomba. Akasema hivyo mteremkoni. Akasema sokoni, ambako Bertin alizima pikipiki yake. Kila kituo maneno yalikuwa yale yale, na kila kituo alidhani yatakuwa mepesi kidogo kuliko pale alipotoka. Hayakuwa.

Kabla hajamaliza mzunguko alikuja kuitwa na meya.

"Nasoro, umetia ofisi haya. Mara mbili."

"Ndiyo, baba."

"Kwanza ungekuja kwangu. Tungezungumuza, pole pole, ndani."

"Kosa lilitokea ku njia, baba. Ningelirudishia ndani?"

Meya alinyoosha mkono, na Nasoro akaiweka megafoni kiganjani mwake. Aliiweka taratibu, mdomo umeelekea ukutani, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha meya akamwagiza Isidore arudi mteremkoni akatazame upya mashamba matupu.

Nasoro aliwafuata kwa mbali. Kwa mama Émilienne, Isidore alikuta matuta, mizizi iliyokatika imebaki udongoni, na chini ya kivuli cha mgomba, vijiti vya mihogo vimefungwa mafungu kwa kamba za migomba, vimesimamishwa wima, machipukizi yameanza kufumbuka. Alikuwa amevitunza apande popote atakapopata udongo. Isidore alizunguka mafungu yale, akavua kofia, akakata utepe mwekundu, akaufunga kwenye fungu la kwanza.

Haikuwa hivyo kwa wote. Pulchérie, jirani wa juu, alikuwa amechimba kama mama Émilienne, ila vijiti vyake alivipikia. Mvua ilikuwa imelowesha kuni. Isidore alisimama mbele ya mafiga na majivu yake, akasema atalipeleka barazani, wataona. Baraza halijaona bado. Pulchérie alikwenda kwa kaka yake, kijijini Swima, kulima sehemu ya shamba la mtu. Alipopita na mzigo wake, Nasoro alijitolea kumbebea kwa baiskeli hadi njia kuu. Alikubali, akatembea upande wa pili wa barabara.

Siku ya kuhamia Mutambala Nasoro alifika kwa mama Émilienne mapema, baiskeli tupu. Alimkuta anahesabu vijiti kwa macho.

"Nimekuja kubeba, mama."

"Beba."

Alifunga mafungu nyuma ya baiskeli. Alipomaliza, mama Émilienne alikuwa bado amesimama.

"Uliniona pale ndani ya mukutano," alisema. "Mi, mama ya kanisa, nikafungua kinywa mbele ya meya nikasema uongo. Nilijua ni uongo. Nilikufunika, Nasoro. Nilisema, huyu iko na sauti tu, akipoteza ile atabaki na nini? Na we ukaenda kunifunua mu muji muzima, kituo kwa kituo. Jumapili bamama banajua nilidanganya."

Nasoro hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa amefikiria shamba, mihogo, meya, Mungu, na nafsi yake sana; hilo hakulifikiria. Alisimama na kamba mkononi, akimtazama.

"Usinitazame vile," alisema mama Émilienne. "Sukuma. Jua linapanda."

Walishuka pamoja hadi mtoni. Udongo wa pale ulikuwa mweusi na laini, mzuri kuliko wa mteremkoni, naye mama Émilienne aliushika, akaunusa, akakubali kwa kichwa. Alichimba, Nasoro akafukia. Mihogo hii itakula mwaka kabla ya kuliwa, na mwaka huo mama Émilienne atanunua unga sokoni kama mgeni. Nasoro alilijua hilo katika kila kijiti alichokishindilia.

Watoto waliokuwa wakienda kuoga mtoni walimwona ameinama.

"Kapusi!" mmoja aliita. "We Kapusi!"

Mama Émilienne alisimamisha jembe, akamtazama atafanya nini.

"Naam," Nasoro akaitika, akaendelea kufukia.